Hodi Iliyojiitikia Yenyewe

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa katika kituo cha polisi, Tanga mjini, Jumatatu tarehe 19 Mei 2025, kuanzia saa tatu asubuhi.

Jina: Saleha Idarusi Mselem
Umri: miaka 41
Dini: Mwislamu
Kazi: mwandishi wa programu za kompyuta, Kampuni ya Kolekole Programu, Barabara ya Tisa, Ngamiani
Makazi: Makorora, Tanga
Kuhusu: tuhuma dhidi ya Lea Hosea Mhina, kwamba alifuta kwa makusudi kumbukumbu za sauti za mwajiri wake

Mimi Saleha niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikuitwa. Sajini Ernesti ameniuliza kama kuna aliyenituma, nikamjibu hakuna. Kuna aliyenikataza, na huyo nitamtaja huko mbele kwa jina lake. Naomba niandikwe kama ninavyosema, hata pale ninapopandisha sauti.

Kolekole Programu ni ofisi ndogo. Mwenyewe ni Mudathir Shekhe, mtoto wa ami yangu. Baba yake na baba yangu ni tumbo moja. Tunaofanya kazi kila siku ni yeye, mimi na Lea. Tangu mwaka jana tunatengeneza kamusi ya simu inayosema. Mtu anagusa neno la Kimtang'ata, lugha ya wenyeji wa pwani yetu hii, kisha anamsikia mzee wa Tongoni au wa Kigombe akilitamka na kulieleza. Kazi hiyo ina wafadhili.

Lea ni Mbondei wa Muheza, Mlutheri, ana miaka thelathini na moja na anaishi Pongwe. Kazi yake ni kuzikata sauti na kuziondolea makelele ya majogoo na pikipiki. Lugha yenyewe hakuzaliwa nayo, ameisikiliza kwa hedifoni mpaka imemwingia. Kuna siku alinisalimia kwa Kimtang'ata nikageuka nikidhani ni shangazi yangu, Mungu amrehemu. Nayasema haya kwa sababu mtaani wanasema Mbondei kafuta lugha ya wenyewe. Aliyeanzisha maneno hayo aone haya.

Sasa naeleza kilichofutwa kimefutwaje. Afande ameniambia nifupishe. Hapa siwezi kufupisha, ndipo penye kesi.

Programu ya simu haitoki mikononi mwa mwandishi ikaenda moja kwa moja kwenye simu. Lazima ijengwe: sauti zichukuliwe, zibanwe, ziambatanishwe na maandishi, vyote vifungwe kifurushi kimoja. Hatua hizo tunaziandika kwenye faili linaloitwa skripti ya ujenzi. Ni maelekezo, kama ya mapishi. Anayeyasoma na kuyatenda ni maktaba yangu. Afande alipoandika neno maktaba aliniangalia. Si ya vitabu. Ni vipande vya programu nilivyoviandika mimi, programu nyingine huviita vikaifanyia kazi. Nimeijenga kwa miaka sita na nimeipa jina la Hodi.

Hodi hufanya mambo matatu. Kwanza huichambua skripti, yaani huyavunja maandishi ijue hili ni agizo, hili ni jina, hii ni folda. Pili huikokotoa, ikapita mstari kwa mstari kujua humo ndani mna kazi gani. Tatu huiendesha ile kazi uliyoitaja. Watu wengi wanadhani mambo hutendeka kwenye hatua ya tatu tu. Sivyo. Agizo lililoandikwa ndani ya kazi husubiri kuitwa. Agizo lililoandikwa nje, juu kabisa, bila kufungiwa kwenye kazi yoyote, halisubiri. Linatendwa pale pale kwenye hatua ya pili, kwa sababu kuukokotoa mstari huo ndiko kuutenda.

Afande akasema hajanipata. Nikamwambia, chukulia una mpishi mtiifu kupita kiasi. Unamuuliza, mama, unajua kupika vyakula gani? Anafungua maelekezo yake ili akutajie. Juu kabisa, kabla ya chakula cha kwanza, mtu ameandika: mwaga maji yote ya mtungini. Basi anakwenda kuyamwaga kwanza, halafu anarudi na tabasamu lake kukutajia pilau, biriani na mkate wa kumimina. Wewe hukumwambia amwage. Wewe uliuliza tu.

Afande amesema sasa amenipata, na kwamba kwao Soni yuko shangazi wa namna hiyo.

Jina la Hodi lina sababu yake. Bibi yangu alitulea Makorora kwa adabu ya mlangoni. Unabisha hodi, unangoja. Unabisha ya pili, unangoja. Ukibisha ya tatu hujaitikiwa, unarudi zako, hata kama viatu vya mwenye nyumba unaviona kizingitini na harufu ya samaki wa kupaka inakupiga puani. Hujaambiwa karibu, huna ruhusa. Ndivyo nilivyoiandika maktaba yangu. Kabla ya kufuta chochote, inaandika "Hodi?" kwenye kioo na kungoja. Mara tatu. Mtu asipoandika "karibu", inarudi ilikotoka na hakuna kinachofutwa.

Niliweka na karibu ya kutangulia, kwa ajili ya kompyuta zinazofanya kazi zenyewe bila mtu wa kuitikia. Hiyo huandikwa ndani ya kazi moja, kwa jambo moja. Mudathir analijua hilo, nilimfundisha mwenyewe.

Lakini siku hizi watu wetu hodi wanaijua kwa mdomo tu. Mtu anabisha hodi huku anaingia. Ukija kumwitikia keshafika jikoni na mfuniko wa chungu keshaufunua. Mudathir ni mmoja wao tangu utotoni, na mama yangu alikuwa akimchapa kwa hilo.

Mnamo tarehe 11 Mei, siku ya Jumapili, Mudathir alinitumia ujumbe wa sauti kwa simu. Ninao, afande ameusikiliza. Anasema hivi: "Saleha, kesho wanakuja wafadhili, nataka niwaonyeshe kamusi inavyojengwa. Hodi zako hizi zitaniaibisha. Nibishiwe hodi kwenye kompyuta yangu mwenyewe, mbele ya wageni? Nipe namna ya kuzinyamazisha." Nikamjibu aandike karibu ndani ya kazi ile anayotaka kuionyesha, basi, na wageni wakiondoka aitoe. Akanirudishia: "Usijali, dada. Hodi huku naingia." Akacheka. Kicheko chake kimo humo humo kwenye simu.

Mnamo tarehe 12 Mei wageni walifika saa nne asubuhi. Mudathir aliwaonyesha kwa laptopu yake, ambayo ilikuwa na nakala ya sauti chache tu za kuonyeshea. Alitaka folda ianze ikiwa tupu ili wazione sauti zikimiminika moja moja. Walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, maana kwa kweli ilipendeza.

Siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri Mudathir alimwita Lea akamwambia mkataba wake unaishia mwezi wa sita na hautaongezwa. Nilikuwepo, meza yangu iko hatua mbili kutoka pale. Lea akasema, "Sawa bosi, utanikumbuka." Hilo ndilo neno ambalo Mudathir amelileta kwenu kuwa ni tishio. Jamani! Nani Tanga hii aliyewahi kuachishwa kazi asiseme utanikumbuka? Alilisema machozi yakimlengalenga, akarudi kwenye kiti chake, akavaa hedifoni na kuendelea kukata sauti. Mtu anayetaka kuharibu hakai mpaka jioni kumalizia kipande cha mzee anayeeleza namna ya kusuka vikapu vya ung'ong'o.

Kabla ya kufunga ofisi, Mudathir alimwambia, "Kesho kutwa niandikie makabidhiano, kila kazi iliyomo kwenye skripti na maana yake." Agizo hilo nililisikia kwa masikio yangu haya mawili.

Tarehe 13 Mei mimi nilikwenda Kigombe kurekodi. Mtandao wa kule unakuja na kuondoka. Tarehe 14 Mei, Jumatano, saa tano asubuhi Lea alinipigia. Nilisikia vipande vipande. Nilisikia, "Dada Saleha, folda ya sauti ni tupu," nikasikia, "nimesoma tu, wallahi sijaendesha kitu." Yeye ni Mlutheri lakini kwa sisi kukaa naye anaapa kama sisi. Kisha simu ikakatika. Nilimtumia ujumbe asiguse kitu chochote mpaka nirudi. Nakala yetu ya akiba ilikuwa kwenye diski iliyochomekwa kwenye kompyuta hiyo hiyo ya ofisi, na diski hiyo hufuata kila badiliko. Folda ilipokuwa tupu, nayo ikaifuata.

Nilirudi Jumamosi tarehe 17 Mei alasiri. Nilikuta polisi wamechukua kompyuta, na Lea wamemchukua asubuhi ile. Mlangoni alikuwepo msichana wa Tongoni, bibi yake alifariki Ramadhani iliyopita na sauti yake ilikuwa kwetu tu. Aliniuliza kama ni kweli. Nilimkalisha, nikampa maji, naye akalia pale kwenye ngazi mpaka akachoka.

Alipoondoka niliifungua skripti. Skripti ya ofisi huwa inakuja kwenye kompyuta zetu zote, kwa hiyo nilikuwa nayo. Sikuipitisha kwenye Hodi. Niliifungua kwa kisoma maandishi cha kawaida, kisichotenda lolote, kinakuonyesha herufi basi. Juu kabisa, nje ya kazi zote, palikuwa na mistari miwili ambayo Jumapili ya tarehe 11 haikuwepo. Wa kwanza unasema karibu kwa yote. Wa pili unasema futa folda ya sauti.

Afande, nilikasirika. Liandike hilo. Kwa sababu niliona yote kwa mara moja. Mudathir aliiandika mistari ile kwa ajili ya onyesho lake, kwenye laptopu yake yenye nakala zile chache. Wageni walipoondoka, akaipeleka skripti nzima kwenye kompyuta ya ofisi kama ilivyo, na kule folda yenye jina hilo hilo ndiyo ya sauti zenyewe, mama wa nakala zote. Jumatano Lea akaketi kuandika makabidhiano aliyoagizwa. Akaiuliza Hodi, onyesha kazi. Yaani, humu mna kazi gani? Ili imjibu, lazima ikokotoe. Ikaanza juu. Ikakuta karibu kwa yote, ikakuta futa. Ikabisha hodi na ikajiitikia yenyewe kwa karibu aliyoiacha Mudathir. Sauti zikaenda, kisha ikamwandikia Lea orodha yake ya kazi kwa adabu kabisa.

Afande ameniuliza kwa nini maktaba yangu ilikubali jambo la hatari namna hiyo. Ni swali la haki, liandikwe na jibu lake. Nyumba ina komeo. Mwenye nyumba akiliondoa akaandika mlangoni ingieni wote, fundi wa komeo aitwe naye aulizwe, mimi nipo, siendi popote. Lakini aliyepita barabarani akasoma yale maandishi ya mlangoni hajaiba.

Jumapili tarehe 18 Mei asubuhi alinijia nyumbani mama yake Lea kutoka Pongwe, amembeba mjukuu wake, Blessing, mwenye miezi saba. Nikampa shikamoo, nikamkaribisha ndani. Alikuwa amevaa nguo za kanisani lakini kanisani hakwenda. Mumewe Lea, Daniel, yuko njiani na lori, Tunduma huko. Mtoto hataki chupa. Anaishika, anaitazama, anaitupa. Hapa kaunta waliwaambia mtoto aletwe asubuhi na jioni, na tunashukuru kwa hilo, lakini mtoto wa miezi saba hanyonyi kwa ratiba ya kaunta, na Pongwe si hapo nyuma ya soko. Yule mama hakuniomba kitu. Alisema tu, "Mwanangu, wewe unaijua hii mitambo. Mtoto wangu amefanya?" Nikamwambia, "Hapana mama, hakufanya." Akasema, "Basi kawaambie." Nikamwahidi.

Nikaona si adabu kuja hapa kabla ya kumwona Mudathir, maana ni ndugu yangu. Nilifika kwake Mikanjuni baada ya alasiri. Mkewe aliniletea chai na vitumbua. Nilivifunika na kawa nikamwambia Mudathir tuzungumze kwanza. Nikamwonyesha mistari miwili. Aliisoma, akaisoma tena. Nilimwona rangi ikimbadilika, na hapo nikajua kwamba alipokwenda polisi hakuwa anasema uongo. Alidhani kweli ni Lea. Nalisema hilo kwa sababu nalo ni haki yake.

Akasema, "Nilisahau kuitoa." Nikamwambia, "Basi twende kituoni sasa hivi, ukaseme hivyo hivyo." Hapo ndipo akageuka. Akasema, "Saleha, tulia. Wafadhili wakisikia ni mimi, kamusi imekufa na ofisi imekufa, na wewe huna kazi. Lea ni kijana, watamwonya, atatoka." Nikamwambia makosa ya kompyuta si ya kuonywa, yana kifungo. Akasema, "Mambo ya ndani hayatolewi barazani. Damu nzito kuliko maji." Nikamuuliza, "Na maziwa je, kaka? Maziwa ya mtoto anayelia Pongwe mazito kiasi gani?"

Mkewe akainuka akatoka nje. Mudathir akasema kwamba nikija hapa, nisirudi tena ofisini, na udugu wetu ufikie hapo. Nikamwambia, "Ofisi ni yako. Udugu hukunipa wewe, huwezi kuninyang'anya." Vitumbua sikula. Huyo ndiye aliyenikataza, na jina lake nimeshalitaja. Sikupenda kulitaja. Nilicheza naye mdako kibarazani kwa bibi, na ndiye aliyenishika mkono siku ya maziko ya baba yangu. Usiku kucha nilimwonea huruma. Asubuhi nikavaa baibui nikaja.

Leo nilipofika, Sajini Ernesti alinisikiliza, kisha akaniambia maneno haya: "Dada, hayo yote ni maelezo ya kitaalamu. Kompyuta inaonyesha kufutwa kumetokea yeye akiwa ameketi pale. Nani mwingine?" Nikamwambia maneno siyategemei, nimekuja na laptopu yangu. Ndani yake nimeweka Hodi na skripti ile ile, na mnaweza kuilinganisha na iliyomo kwenye kompyuta mliyoichukua.

Nilimwomba afande arekodi sauti yake mwenyewe kwa simu yake. Alisita, kisha akarekodi. Alisema, "Mimi ni Sajini Ernesti Shemdoe, hujambo Queen, baba anakuja." Queen ni binti yake. Tukaiingiza sauti hiyo kwenye folda ya sauti ya laptopu yangu, nikamwomba aifungue aisikilize. Akaisikiliza. Askari aliyekuwa kaunta naye akaisikia akacheka.

Nikasogeza kiti changu nyuma, nikaweka mikono yangu mapajani wote waione. Nikamwambia, "Afande, usiendeshe kitu. Iulize tu ina kazi gani. Andika: onyesha kazi." Akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza. Kwenye kioo ikatoka orodha ya kazi: bana, unganisha, funga. Akazisoma kwa sauti. Akasema, "Mbona haina tabu?" Nikamwambia, "Sasa sikiliza tena sauti yako."

Akafungua folda. Haikuwa na kitu. Akaifunga akaifungua tena. Akaniuliza, "Sauti yangu iko wapi?"

Nikamjibu, "Umeifuta, afande."

Akasema, na hapa naomba aandike alivyosema bila kupunguza, "Mimi sijafuta kitu. Nimesoma tu."

Nikamwambia, "Na Lea alikwambia nini Jumamosi?"

Akaniuliza kama nimemfanyia kiini macho. Nikamwambia arudie mwenyewe. Akarekodi sauti nyingine, akaiingiza mwenyewe, akanitaka nisimame mlangoni mbali na meza. Nikasimama mlangoni. Akaandika, akabonyeza, akafungua. Tupu. Nikasikia anasema "Lo!" peke yake. Kisha nikamwomba, kwenye nakala ya pili ya skripti, aifute ile mistari miwili ya juu, aingize sauti ya tatu, aulize tena. Orodha ikatoka ile ile na sauti ikabaki mahali pake. Kisha nikamwonyesha na jinsi Hodi inavyofanya ikiachwa na adabu yake: tukaiagiza ifute, ikabisha mara tatu kwenye kioo. Yeye akakaa tu anaitazama, hakuiitikia, nayo ikarudi zake. Afande akasema, "Kumbe inasubiri." Nikamwambia ndiyo, nilivyolelewa ndivyo nilivyoiandika.

Ukweli mwingine nausema ili isionekane natetea kila kitu. Sauti za ofisi hazijarudi zote. Za Kigombe nimezipata kwenye kinasa sauti changu. Za Tongoni za mwaka jana bado, na sauti ya yule bibi sijui kama itapatikana. Hilo linaniuma na litaendelea kuniuma. Lakini msiba wa sauti ile haupungui kwa kumfunga mtu aliyekuwa akiisafisha kwa hedifoni asubuhi na jioni ili kila neno lake lisikike.

Tulipofika hapa afande alisema yale ya yeye kubonyeza tuyaache, tuandike tu kwamba "jaribio lilifanyika". Nimekataa. Jaribio halina mkono, aliyebonyeza ana mkono. Nimemwambia kama sehemu hiyo haimo, mimi sahihi siweki, nitakaa hapa hapa kwenye benchi mpaka jua litue, na kesho nitarudi na laptopu yangu nimwombe mkubwa wake arekodi salamu za mtoto wake naye. Amenisihi, nimekataa. Amenikemea, nimekataa. Ameagiza chai, nimekunywa, na bado nimekataa. Mwishowe ameiandika.

Sina ugomvi na mtu. Kazi huenda nimeshaikosa tangu jana, nitatafuta nyingine. Ninachokitaka ni kimoja, Lea Hosea atoke humu ndani aende kwa mtoto wake, kwa sababu alichofanya Jumatano ile ni kusoma alichoambiwa asome.

Nimemaliza. Niliyoyasema yamo humu, nimesomewa kwa sauti, nimesahihisha mahali pawili, sikulazimishwa wala kushawishiwa na yeyote, na popote nitakapoitwa kuyarudia nitakwenda.

Sahihi ya shahidi: S. I. Mselem

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Mimi Sajini Ernesti Shemdoe nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu saa saba na dakika kumi mchana. Laptopu ya shahidi na ujumbe wa sauti kwenye simu yake vimepokelewa kama vielelezo. Skripti imelinganishwa na iliyo kwenye kompyuta ya ofisi na mistari miwili imekutwa ni ile ile. Wito wa Mudathir Shekhe kuja kutoa maelezo ya ziada umeandikwa na kupelekwa leo.

Baada ya kutia sahihi shahidi alikaa kwenye benchi la mapokezi na kukataa kuondoka. Mtuhumiwa Lea Hosea Mhina ametolewa kwa dhamana saa tisa alasiri baada ya mkuu wa upelelezi kusoma maelezo haya na kuangalia jaribio. Mdhamini ni shahidi mwenyewe. Bibi wa mtoto alikuwa amefika na mtoto, na mtuhumiwa amenyonyesha kaunta kabla hata ya kurudishiwa viatu vyake.

Shahidi amedai niongeze jambo moja, nami naliongeza kwa kuwa ni kweli. Kitufe nilibonyeza mimi, na mara mbili sauti yangu mwenyewe ilifutika. Nilikuwa nasoma tu.

Sahihi: E. Shemdoe, Sajini